Uzi: Rimu nyepesi za Mazda Roadster ya zamani kwa ajili ya saketi (uwanja wa mbio za magari). Nizichukue hizi za Mwanakwerekwe?

#1 MtuWaFuoni
Asalaam alaykum wanajukwaa. Mie nafanya kazi Dubai, sasa hivi niko nyumbani Fuoni, Unguja, likizo. Kule nina Mazda Roadster ya mwaka 2000, toleo la pili (NB), injini 1.8. Si gari ya kwendea kazini. Naipeleka Dubai Autodrome siku zile wanazofungulia watu wenye magari yao. Bado ina rimu za kiwandani, kipenyo cha inchi 15 kwa upana wa inchi 6, ofseti 40 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka inapokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu; ikipungua rimu inatoka nje). Nataka nyepesi zaidi, upana 7.

Jana nimepita Mwanakwerekwe kwa muuza spea za mtumba wa Japani, nikakuta seti kamili, spoki sita, rangi ya shaba, 15x7, ofseti 35, matundu 4x100 (nati nne kwenye duara la milimita 100). Anasema ni TE37 asli, rimu maarufu za kampuni ya Rays ya Japani, foji (aluminiamu iliyogandamizwa kwa nguvu, siyo ya kumiminwa), zimetoka kwenye Vitz RS iliyokatwa. Kwa bei anayotaka, Dubai sipati hata moja. Je, nizichukue? Na ni kweli wanavyosema kwamba kilo moja ya rimu ni sawa na kilo kumi za bodi?

#2 Yakhe_Bububu
Sasa unauliza nini yakhe? Chukua. Kama huzitaki nielekeze duka nikazifunge kwenye IST yangu, matundu ni hayo hayo.

#3 FundiWete
W/salaam. Ngoja kwanza. Rimu ya spoki sita rangi ya shaba ndiyo inayoigwa kuliko zote duniani. TE37 ya Rays imetoka mwaka 1996, na ile 37 katika jina ni uzito: kilo 3.7 kwa rimu ya 15x6. Hapo pana pa kuanzia. Ya 15x7 itazidi kidogo, lakini haiwezi kuzidi sana. Kaazime mizani kabla hujatoa pesa.

La pili, geuza rimu utazame nyuma ya spoki. Utakuta alama ya JWL, na nyingine ina VIA pembeni. JWL ni kiwango cha serikali ya Japani cha rimu za aloi, mtengenezaji anajipima mwenyewe na kugonga alama. VIA inamaanisha kuna chombo kingine kimethibitisha. Wenye kopi nao wanagonga zote mbili, kwa hiyo alama pekee haitoshi. Stika ndiyo usiitazame kabisa.

#4 Altezza_Chake
Mie nasema 15 ni ndogo mno kwa gari ya mbio. Altezza yangu imetoka kiwandani na 17 na inashika kona vizuri sana. Nunua 17, mpira mwembamba, gari haipindi-pindi ukikata.

#5 SpanaKumi
#4 Altezza ina injini ya lita 2 yenye nguvu 200 na ushee, na bodi nzito. Hii Roadster ni tani moja na kidogo. Ukiifunga 17 umeinyonga. Isitoshe, Altezza ni 5x114.3, wewe na mwenye uzi hamwezi kuazimana hata nati.

#6 Altezza_Chake
Nati tunaazimana, zote ni M12 kwa 1.5. 😀

#7 FundiWete
Uzi wa nati ni ule ule, ndiyo. Kichwa cha nati ndicho tatizo, na kila wiki naletewa gari yenye kosa hili. Kuna rimu za kiwandani za Toyota zinazotumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu nyingi za kununua nje zinataka nati ya koni, nyuzi 60. Za Honda zinataka nati ya mviringo kama gololi. Ukiweka ya washa bapa kwenye tundu la koni, inagusa ukingo tu. Unakaza, spana inagoma, unadhani imekaa. Ikipata moto na mtikisiko inalegea. Barabarani utasikia mlio kwanza. Kwenye saketi, ukiwa mwisho wa mnyooko unakanyaga breki, sijui kama utapewa nafasi ya kusikia.

#8 BiFizikia
Assalaam alaykum. Hilo la kilo moja kwa kumi nalisikia mpaka kwa wanafunzi wangu. Si kweli, na hesabu yake si ngumu.

Kitu kinachozunguka huku kinakwenda mbele kinadai nishati mara mbili: ya kukisogeza na ya kukizungusha. Hiyo ya kuzungusha inategemea uzito uko umbali gani kutoka katikati, na umbali huo unajizidisha wenyewe kwa wenyewe. Mpira wa 195/50R15 (upana milimita 195, ukuta nusu ya upana huo, rimu ya inchi 15) una nusu kipenyo cha milimita 288. Ukingo wa rimu ya 15 uko kama milimita 190 kutoka katikati. Gawa 190 kwa 288, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata kama 0.43. Kwa hiyo kilo moja ukiitoa ukingoni mwa rimu, gari inaihisi kama kilo 1.4 hivi wakati wa kuongeza kasi na kufunga breki. Ukiitoa karibu na pale rimu inapokaa kwenye habu, ni kilo 1 na chembe tu.

Ukitaka kukaribia kilo 2 kwa kila kilo, punguza uzito kwenye mpira, kule unapogusa barabara. Na zaidi ya mbili haifiki, hata ungefanyaje.

Sasa piga hesabu ya gari yako. Tuseme umeokoa kilo 2 kwa kila rimu, zote nne kilo 8. Ni kama umeshusha kilo 11 kwenye gari ambayo, wewe ukiwa ndani, inakaribia kilo 1,100. Sehemu moja ya mia. Ipo, lakini si miujiza.

#9 MzeeWaMuscat
Binti yangu #8 hesabu yako ni sawa kwa mwendo wa mbele. Lakini rimu nyepesi hatununui kwa ajili ya mnyooko. Uzito wa chini ya springi ni habari nyingine. Rimu, mpira, diski, kalipa, hivyo vyote springi haivibebi, vinarukaruka vyenyewe na shokapu ndiyo inayovituliza. Tuseme kona moja ya gari ina kilo 30 za namna hiyo. Ukiondoa 2 umepunguza sehemu ya 15, si ya mia. Ukipanda ukingo uliopakwa rangi pale kwenye kona, mpira mwepesi unarudi chini mapema, na mpira usiogusa chini haukati kona.

Mimi mtu wa Mkoani, niko Oman miaka mingi. MR2 yangu, ile SW20, nimeifunga nzito nikaifunga nyepesi. Nilichohisi kwanza ni usukani. Unajibu kabla hujamaliza kuuliza.

#10 BiFizikia
Sikatai, mzee wangu. Ila Autodrome ni lami laini, siyo barabara ya kwenda Makunduchi. Faida hiyo inaonekana zaidi palipo na mashimo. Na MR2 ulipobadilisha rimu, mipira ilikuwa ile ile?

#11 MzeeWaMuscat
Mipira ilikuwa mipya.

#12 BiFizikia
Basi hatujui kilichofanya kazi ni rimu au ni mipira.

#13 Yakhe_Bububu
Mzee kapigwa na mwalimu 😂

#14 MzeeWaMuscat
Hajanipiga. Mikono yangu inajua tofauti ya mpira mpya na rimu nyepesi.

#15 MtuWaFuoni
Ahsanteni. Nimerudi dukani, nikaacha amana na kuondoka na rimu moja. Jirani pale kuna muuza samaki mwenye mizani ya kuning'iniza. Akapangusa ndoana kwa kitambaa, tukaipitisha kwenye tundu la nati, mwenyewe akaishika rimu mpaka ikaacha kuyumba. Sindano imesimama kwenye 6.4. Tukaweka jiwe lake la kilo 5 kuihakiki mizani, ikasoma 5.

Nyuma ya spoki kuna JWL, VIA, 15X7J na 35. Hakuna jina la kiwanda popote. Tundu la kati nimelipima kwa venia, milimita 73, kubwa kuliko habu. Muuzaji kanipa ringi za plastiki za kujazia. Upande wa ndani, ukingoni, kuna mahali urefu wa kidole pamebonyea na kurudishwa, rangi yake haifanani na pengine. Na chini ya spoki moja rangi ina ufa mwembamba kama unywele, sijui ni rangi tu au ni rimu yenyewe.

#16 FundiWete
6.4 si TE37. Hapo tumemaliza hilo la jina.

Uliyoyaona ukingoni ndiyo yananishughulisha zaidi. Hapo palinyooshwa. Mafundi wengi hapa kwetu, Unguja na Pemba, wananyoosha kwa jeki na moto wa gesi. Rimu ya kumiminwa kwenye kalibu kawaida imetiwa nguvu kiwandani kwa joto, inapikwa, inapozwa ghafla, halafu inawekwa tena kwenye joto la kadiri, nyuzi 150 na kitu mpaka 170 na kitu, kwa saa kadhaa. Moto wa gesi unapita hapo mara nyingi bila fundi kujua, maana aluminiamu haibadiliki rangi kama chuma. Ikipoa inaonekana nzima, lakini pale pamelainika. Niliwahi kuletewa rimu ya namna hiyo kutoka barabara ya Chake, imepasuka kwa kufuata mstari wa moto, sawasawa kabisa.

Huo ufa wa spoki, upime kwa mafuta ya taa na chaki. Osha, kausha, paka mafuta ya taa upande wa ufa, subiri, pangusa pakauke kabisa, halafu paka chaki iliyosagwa na kulowekwa kidogo. Kama ni rangi tu, chaki inabaki nyeupe. Kama ufa umeingia ndani, mafuta yanatoka tena na kuchora mstari kwenye chaki.

#17 SpanaKumi
Ndani ya spoki kuna ufa, achana nazo. Mbona nyinyi mnazunguka?

#18 Altezza_Chake
#16 Mbona gari zote za hapa zinanyooshwa rimu na zinatembea? Yangu ya mbele kushoto imenyooshwa na bado inanipeleka Wete na kurudi.

#19 FundiWete
Wete na kurudi hukanyagi breki kutoka kasi ya 180 kila dakika mbili, ami.

#20 KijanaJangombe
Samahani kuingilia. Nina Subaru Impreza ya zamani, 5x100. Kuna Celica mtaani nayo 5x100, mwenyewe anauza rimu. Zinaingia moja kwa moja?

#21 SpanaKumi
Zinaingia, 5x100 ni 5x100.

#22 FundiWete
Haziingii hivi hivi. Habu ya Subaru ni milimita 56.1, ya Celica 54.1. Rimu ya kiwandani ya Celica itagonga habu ya Subaru isikae. Kinyume chake inawezekana, rimu ya Subaru kwenye Celica, kwa kuweka ringi. Hesabu ni hiyo hiyo kwenye 4x100: Vitz, IST, Starlet na Roadster zote ni 54.1, ndiyo maana rimu za Vitz zinakubali Mazda. Honda Fit ni 56.1.

#23 SpanaKumi
Unachonga tundu kwenye leth, milimita mbili tu.

#24 FundiWete
Unaweza. Kwa leth na mtu anayeijua, siyo kwa tupa.

#25 MzeeWaMuscat
Turudi kwa mwenye uzi. Ringi za plastiki usitie saketini. Breki ikishika moto, habu inashika moto, plastiki inalainika na kunata. Tafuta za aluminiamu, 73 kwa 54.1. Na ukizifunga paka grisi kidogo, kwa hewa ya bahari ya Unguja na hata Dubai, aluminiamu ikikaa juu ya chuma cha habu kwa muda inaota unga mweupe na kugandamana. Wengine wanapiga rimu kwa teke mpaka wanaiharibu.

#26 MkaziMbweni
Kuhusu chumvi: kuna jamaa hapa aliagiza rimu za magnesi za zamani, aina ya Minilite, zile zilizotamba miaka ya 1960 kwenye Mini za mashindano. Nyepesi ajabu, magnesi uzito wake ni kama theluthi mbili tu ya aluminiamu. Aliziweka ghalani karibu na pwani bila kuzipaka tena. Rangi ikachubuka, chumvi ikaingia, zikaliwa mashimo kama kichuguu cha mchwa. Kwa hiyo mtu asikudanganye na magnesi visiwani humu.

#27 Yakhe_Bububu
Mwenye uzi utakwenda uwanja wa ndege na rimu nne, kilo 25 na ushee. Watu wanabeba karafuu na pweza mkavu, wewe unabeba aluminiamu. Mama yako kakubali?

#28 MtuWaFuoni
Mama kasema karafuu zitaingia ndani ya rimu 😀

Nina swali la maana. Nimempigia ndugu yangu aliyeko kule, amezipima rimu zangu za kiwandani, bila mpira: 6.3. Yaani hizi za Mwanakwerekwe ni nzito kuliko nilizonazo.

#29 BiFizikia
Basi hakuna cha kujadili juu ya wepesi.

#30 MzeeWaMuscat
Kipo. Anapata inchi moja ya upana bila kuongeza uzito wa kueleza. Mpira wa 195 kwenye rimu ya 6 umejikunja ukutani, kwenye 7 unasimama wima. Kwenye kona ndefu utahisi hilo kuliko hizo gramu mia.

#31 SpanaKumi
Lakini ofseti mzee. Kutoka 15x6 ofseti 40 kwenda 15x7 ofseti 35: nusu inchi ni milimita 12.7 kila upande, ongeza 5 za ofseti, nje inatoka 17.7. Ndani inaingia 7.7. Itagusa bodi?

#32 MzeeWaMuscat
15x7 ofseti 35 wengi wanaifunga NB bila shida ukiwa na 195/50, kama hukuishusha gari mpaka chini. Itakachokula ni beringi za mbele. Ofseti ikitoka nje na mpira wa kunata, zile beringi zinalalamika mapema.

#33 Altezza_Chake
Ndiyo maana nikasema 17.

#34 SpanaKumi
17 inahusiana nini na beringi?

#35 FundiWete
Pesa hiyo hiyo uikusanye, ununue Enkei RPF1 za 15x7. Si foji, zimemiminwa, lakini Enkei wana namna yao ya kuusokota ukingo ukiwa na moto mpaka unabanwa na kuwa mwembamba bila kuwa dhaifu. Uzito wake ni kama kilo 4.3 au 4.4. Hapo ndipo utakapopata zile kilo 2 za mwalimu. Watu wanakariri kwamba foji ndiyo nyepesi na ya kumwaga ni nzito, na si hivyo. Foji mbaya yenye mapambo ni nzito kuliko RPF1.

#36 MkaziMbweni
Foji inapinda, ya kumwaga inapasuka. Kwa matuta yetu afadhali inayopinda.

#37 FundiWete
Kwa jumla ni hivyo. Lakini yeye yuko Dubai, matuta yetu hayamhusu.

#38 MkaziMbweni
Na akirudi nayo kwa meli?

#39 MtuWaFuoni
Siirudishi hiyo gari jamani 😂

Nimefanya ya mafuta ya taa na chaki. Kwenye spoki, mstari umetokea. Mwembamba, urefu wa kucha. Nimemrudishia muuzaji rimu, nikamwonyesha na ule mstari. Kanirudishia amana yangu bila maneno. Anasema tatu zilizobaki ni nzima na atanipunguzia.

#40 SpanaKumi
Rimu tatu unafanyia nini?

#41 Altezza_Chake
Achomelewe hiyo moja kwa argoni, fundi mzuri yupo Amani.

#42 FundiWete
Spoki haichomelewi kwa saketi. Ukingo pengine, kwa gari ya mjini, na hata hapo mie sifungi. Joto la kuchomelea linaharibu ile nguvu ya kiwandani pembeni mwa weldi. Na kama hiyo moja ina ufa na pia imenyooshwa, hizo tatu nazo zimepita njia ile ile.

#43 MzeeWaMuscat
Hapo niko na fundi. Ila RPF1 si lazima. Kama bajeti ni ndogo, tafuta zile za kiwandani za Roadster ya kwanza, 14 kwa 5.5. Ni nyepesi sana, na gari ile iliundwa kwa hizo.

#44 BiFizikia
Mzee, 14x5.5 na mpira mwembamba! Hiyo inchi ya upana uliyoitetea #30 imekwenda wapi?

#45 MzeeWaMuscat
Mpira wa 14 ni mdogo na mwepesi kuliko wa 15, na wewe mwenyewe umesema uzito wa mpira unahesabiwa karibu mara mbili.

#46 BiFizikia
Nimesema kuhusu kuongeza kasi. Kwenye kona sijasema.

#47 SpanaKumi
Na mipira ya saketi ya 14 unaipata wapi siku hizi? Ya 15 utapata Toyo R888R, Nankang AR-1, uchague. Ya 14 utakuwa unaomba.

#48 KijanaJangombe
Fundi, ile ringi ya 56.1 kwa 54.1 inapatikana Darajani?

#49 FundiWete
Ya plastiki labda. Ya aluminiamu chongesha. Lakini hiyo ni ya kuweka rimu ya Subaru kwenye Celica; wewe utahitaji kuchonga tundu la rimu.

Mwenye uzi, seti yoyote utakayofunga, nati za Roadster zinakazwa kati ya Nm (kipimo cha mkazo) 88 na 118. Tumia spana ya kipimo, siyo bomba la kuongezea urefu. Baada ya mizunguko ya kwanza ingia ndani, acha rimu zipoe, zikague tena.

#50 MzeeWaMuscat
Rimu mpya hasa. Rangi ya ndani ya tundu inasagika na nati inapungua mkazo.

#51 BiFizikia
Na mimi nina ombi. Ukifika Dubai pima mpira peke yake, ule wa sasa na huo wa kunata utakaonunua. Halafu kimbiza gari kwa rimu zako za zamani na mipira mipya kwanza, kabla hujabadilisha rimu. Vinginevyo miezi ijayo mzee atakuja tena hapa kutuambia ni usukani.

#52 MzeeWaMuscat
Nitakuja, na itakuwa ni usukani.